Huineng: Muuza kuni asiyejua kusoma aliyekuwa baba wa Zen

Mwaka 713, katika wilaya ya Xinzhou kusini mwa China, alifariki mtawa mmoja mwenye umri wa miaka 76 kwa hesabu ya Wachina. Alizaliwa huko huko mwaka 638. Inasimuliwa kwamba hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, mahekalu ya Zen ya Japani, China, Korea na Vietnam yanapohesabu ukoo wa walimu wao kurudi nyuma, yote hufika kwake.

Jina lake ni Huineng, na waumini humwita Baba wa Sita. Maisha yake ndiyo yanayotajwa kila linapozuka swali ambalo limewagawa wafuasi wa Zen kwa zaidi ya miaka 1,300: je, mtu hupata kuzinduka kwa kukaa miaka hekaluni chini ya mwalimu, au ukweli unaweza kumjia moja kwa moja popote alipo, hata akiwa na mzigo wa kuni mgongoni?

Zen ni tawi la dini ya Kibuddha. Wachina huliita Chan, na asili ya jina hilo ni neno la Kihindi cha kale lenye maana ya kutafakari. Wafuasi wake husema liliingizwa China na mtawa Bodhidharma kutoka magharibi, kisha likapokezanwa kutoka mwalimu mmoja hadi mwingine. Lengo lake si kukariri vitabu bali kuona asili ya moyo wako mwenyewe. Kuona huko ndiko kunakoitwa kuzinduka.

Mtoto wa ofisa aliyevuliwa cheo

Baba yake Huineng, wa ukoo wa Lu, alikuwa ofisa wa serikali mwenye asili ya Fanyang, upande wa kaskazini, karibu na ilipo Beijing ya leo. Alivuliwa cheo akapelekwa uhamishoni Lingnan, yaani nchi iliyo ng'ambo ya milima ya kusini. Wakati huo wa utawala wa Tang, Lingnan ilihesabiwa kuwa pembezoni mwa dola. Ilikuwa nchi ya joto na homa, na wenyeji wake walidharauliwa na watu wa kaskazini kuwa ni washenzi.

Baba alifariki Huineng akiwa bado mdogo sana. Mama mjane akahama na mwanawe kwenda Nanhai, jirani na Guangzhou, mji wa bandari ambao katika zama hizo za Tang ulipokea vyombo vya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi. Hawakuwa na shamba wala ndugu wa kuwategemea. Kijana alikata kuni na kuziuza sokoni, na hivyo ndivyo walivyopata chakula.

Siku moja mteja alinunua kuni na kumtaka azifikishe dukani kwake. Huineng alizishusha, akalipwa, akaanza kuondoka. Mlangoni alimkuta mtu akisoma kwa sauti Sutra ya Almasi, mojawapo ya vitabu vitakatifu vya Kibuddha. Alisimama kusikiliza, na papo hapo, kwa mujibu wa masimulizi, moyo wake ukafunguka. Alipouliza, aliambiwa kwamba kitabu hicho kilifundishwa na Hongren, Baba wa Tano, kwenye mlima wa Huangmei, mbali sana upande wa kaskazini.

Hapa ndipo ubishi unapoanzia. Kijana huyu hakuwa na mwalimu, hakuwahi kukaa kutafakari kwa utaratibu wowote, na herufi za kitabu kile hazikumwambia kitu. Alichokuwa nacho ni masikio na maisha ya tabu. Lakini lililofuata nalo halifai kusahauliwa: baada ya kumwekea mama yake akiba ya matumizi, alishika njia akatembea mwezi mzima kumtafuta mwalimu.

Miezi minane kwenye kinu

Hongren, aliyeishi kati ya mwaka 601 na 674, alikuwa na wanafunzi wanaotajwa kufikia 1,000. Alimpokea mgeni kwa maneno makali, akimkumbusha kwamba ametoka kwa washenzi wa kusini, basi atawezaje kutamani kuwa Buddha? Huineng alijibu kwamba watu wanaweza kuwa wa kaskazini au wa kusini, lakini asili ya Buddha haina kaskazini wala kusini.

Jibu hilo lilimshtua mzee, ila hakutaka kulionyesha mbele ya wengine. Alimpeleka kijana huyo nyuma ya hekalu, mahali pa kutwangia mpunga. Huko Huineng alikanyaga kinu cha mguu kwa miezi minane. Hakuingia ukumbi wa mafundisho wala hakunyolewa kichwa kama watawa. Inasimuliwa kwamba kwa wembamba wake alilazimika kujifunga jiwe kiunoni ili apate uzito wa kukikanyaga kinu.

Mashairi mawili ukutani

Ikafika siku Hongren akatangaza kwamba anataka kumteua mrithi. Kila aliyeona amefahamu aandike shairi kuonyesha ufahamu wake. Wanafunzi wote walimwachia Shenxiu, mwanafunzi mkuu, mtu msomi aliyeheshimika. Shenxiu alihangaika siku kadhaa, na mwisho aliandika ukutani usiku bila kutia jina. Shairi lake lilifananisha mwili na mti wa uzinduko na moyo na kioo cha kujitazamia, likihimiza kioo hicho kifutwe kila mara kisishike vumbi.

Huineng alisikia kijana akilikariri shairi hilo karibu na kinu. Aliomba apelekwe ukutani, akaomba asomewe, kisha akaomba mtu amwandikie la kwake. Shairi hilo lilikana kwamba kuna mti au kioo, na likauliza vumbi litatua wapi ikiwa hakuna cha kutulia.

Mashairi hayo mawili ndiyo kiini cha ubishi wote. La kwanza ni la mafunzo: safisha leo, safisha kesho, usichoke. La pili ni la kuona: moyo haukuwa mchafu tangu mwanzo, kwa hiyo anayefuta vumbi maisha yake yote huenda hajawahi kuutazama moyo wenyewe.

Hongren alimwita mtwanga mpunga usiku wa manane, akamfafanulia Sutra ya Almasi, kisha akamkabidhi joho na bakuli, alama za urithi wa Bodhidharma. Akamwagiza aondoke usiku ule ule, kwani wivu ungeweza kumtoa roho. Mzee alimsindikiza hadi mtoni na kumvusha.

Mkimbizi wa miaka 15

Watu mamia walimfuata. Aliyemfikia wa kwanza, kwenye milima ya Dayu, alikuwa Huiming, mtawa aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi. Huineng aliweka joho juu ya mwamba, akamwambia kwamba vazi ni alama tu na halifai kugombaniwa kwa nguvu. Masimulizi yanasema Huiming alijaribu kulinyanyua likamshinda. Hapo alibadili ombi lake, akataka mafundisho badala ya vazi, kisha akarudi na kuwapoteza wenzake njia.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea zaidi, Huineng aliishi mafichoni kwa takriban miaka 15 kati ya wawindaji. Walipomweka kulinda nyavu, aliwaachia wanyama walionasa. Wakati wa chakula alichemsha mboga kwenye chungu chao cha nyama na kula mboga tu. Hakuwa na hekalu, hakuwa na wenzake wa dini, na hakuna aliyejua cheo alichobeba.

Mwaka 676 aliona wakati umefika. Alijitokeza kwenye hekalu la Faxing mjini Guangzhou, ambako mwalimu Yinzong alikuwa akifundisha. Watawa wawili walikuwa wakibishana kuhusu bendera inayopepea: mmoja akisema ni upepo unaotikisika, mwingine akisema ni bendera. Huineng aliwaambia kwamba kinachotikisika ni mioyo yao. Yinzong alipomhoji na kutambua ni nani aliyesimama mbele yake, alimnyoa nywele na kumwingiza rasmi katika utawa. Hekalu hilo, linaloitwa Guangxiao siku hizi, bado lina mnara unaosemekana ulijengwa mahali zilipozikwa nywele hizo.

Msomaji atazame mpangilio wa mambo haya. Kwa kawaida mtu hunyolewa kwanza, husoma kwa miaka, kisha huenda akazinduka. Huineng alizinduka kwanza, akarithi uongozi, na utawa rasmi ukamjia mwishoni kabisa.

Mafundisho ya Caoxi

Baada ya hapo alihamia Caoxi, karibu na Shaoguan ya leo, alikofundisha zaidi ya miaka 30. Mafundisho yake yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Sutra ya Jukwaa, ambacho kinatajwa kuandikwa na mwanafunzi wake Fahai. Humo anafundisha kwamba kutafakari na hekima si vitu viwili, kama vile taa na mwanga wake visivyotengana. Anaonya dhidi ya kukaa kimya bila kuwaza lolote na kudhani huko ndiko kutafakari. Anasema pia kwamba mtu wa kawaida anaweza kuifuata njia hii nyumbani kwake, na kwamba kukaa hekaluni bila kuifuata hakumsaidii mtawa.

Kuhusu ubishi wenyewe, msimamo wake ulikuwa wa mtu wa kati kuliko wengi wanavyodhani. Alifundisha kwamba ukweli hauna upesi wala polepole. Ni watu ndio wanaotofautiana, wengine wepesi wa kuona na wengine wazito.

Wanafunzi waugeuza ugomvi

Shenxiu hakuwa mtu wa kubezwa. Karibu na mwaka 701 alialikwa Luoyang na malikia Wu Zetian, akapewa heshima kubwa hadi alipofariki mwaka 706. Aliyeanzisha vita vya maneno ni Shenhui, mwanafunzi wa Huineng. Kuanzia miaka ya 730 alitangaza hadharani kwamba wafuasi wa Shenxiu ni watu wa polepole na kwamba urithi halali ni wa kusini. Yalipozuka maasi ya An Lushan mwaka 755 na serikali kuishiwa fedha, Shenhui aliisaidia kuchangisha kwa kuuza vyeti vya utawa. Hivyo kambi iliyojivunia mtu asiye na cheti iliimarika kwa biashara ya vyeti.

Wanahistoria wamepunguza mengi katika habari hizi. Nakala kongwe ya Sutra ya Jukwaa ilipatikana katika hazina ya maandishi ya pango la Dunhuang, lililofunguliwa mwaka 1900, na inatofautiana na matoleo ya baadaye yaliyo marefu zaidi. Hu Shi, msomi wa China, alidai kwamba sehemu kubwa ya kitabu ni kazi ya Shenhui. Wengine wanatilia shaka kama Shenxiu na Huineng waliwahi kuwa Huangmei wakati mmoja. Yasiyo na shaka ni machache: kwamba mwalimu huyo alikuwepo, kwamba alifundisha kusini, na kwamba mshairi Wang Wei alimwandikia maneno ya ukumbusho karne hiyo hiyo. Mwaka 816 mfalme alimpa cheo cha heshima, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.

Mafunzo au kuona?

Warithi wake hawakubomoa mahekalu. Baizhang, aliyefariki mwaka 814, anakumbukwa kwa kanuni za utawa zilizomlazimu kila mtu, hata mzee, kufanya kazi ya mikono kila siku. Dogen wa Japani aliondoka kwao kwenda China mwaka 1223 akisumbuliwa na swali hili hili: kama asili ya Buddha tunayo tayari, mazoezi ni ya nini? Alirudi mwaka 1227 akifundisha kwamba kukaa kutafakari si njia ya kuupata uzinduko, bali ndio uzinduko wenyewe ukitendwa. Hakuin, naye wa Japani, mwaka 1708 alisikia kengele ya hekalu akiwa kijana, akaamini amefika. Mzee Shoju alimcheka na kumrudisha kwenye mazoezi makali kwa miezi kadhaa.

Kisa cha Hakuin kinafafanua kile cha Huineng. Jambo la kuona humjia mtu mwenyewe, wala hakuna mwalimu anayeweza kuona kwa niaba yake. Lakini mtu anaweza pia kujidanganya, na hapo ndipo anapohitajika mwingine wa kumpima. Muuza kuni aliifahamu sutra mlangoni pa duka, ila alitembea siku 30 apimwe, akatwanga miezi minane bila kulalamika, akanyamaza miaka 15 bila kudai cheo.

Wanaomtaja ili kukwepa mafunzo husahau kinu na wawindaji. Wanaotaja mafunzo ili kuwafungia wengine mlango nao husahau kwamba Hongren, mwenye wanafunzi 1,000 ukumbini, alimpata mrithi wake nyuma ya hekalu, kwenye pumba za mpunga. Mwili unaoaminiwa kuwa wa Huineng umehifadhiwa katika hekalu la Nanhua, pale pale Caoxi, umekaa mkao wa kutafakari.