Ronald Ross na Hesabu za Malaria

Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali.

Ronald Ross alizaliwa Almora, India, tarehe 13 Mei, 1857. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza huko India. Ross alipenda ushairi na hisabati, lakini baba alitaka mwanawe awe daktari. Alisomea udaktari London, na mwaka 1881 akaingia katika utumishi wa tiba nchini India.

Wakati huo wengi waliamini kuwa malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1894 Daktari Patrick Manson alimwonyesha Ross vimelea vya malaria kwa darubini, akamweleza kuwa huenda mbu wanahusika. Ross alirudi India akapasua mbu mmoja baada ya mwingine. Tarehe 20 Agosti, 1897, mjini Secunderabad, aliviona vimelea katika tumbo la mbu. Mwaka 1902 alipata Tuzo ya Nobeli.

Hata hivyo, mapambano yalikuwa hayajaisha. Katika kambi ya jeshi ya Mian Mir, kazi ya kuondoa mazalia ya mbu haikuzaa matunda. Wapinzani wakadai kuwa njia hiyo ni bure, kwani hakuna awezaye kumaliza mbu wote. Ross aliwajibu kwa hesabu. Alianza katika ripoti yake kuhusu kisiwa cha Morisi ya mwaka 1908, akaendelea katika kitabu chake cha kuzuia malaria, toleo la mwaka 1911.

Hoja yake tuitazame kwa mfano. Tuseme kijiji kimoja cha Kyela, ambako mito hufurika na majaruba ya mpunga hujaa maji, kina mbu 1,200. Robo yao, yaani 300, wanauma watu. Ikiwa mtu 1 kati ya 10 ana vimelea, mbu 30 watavipata. Theluthi yao tu, yaani 10, wakiishi hadi vimelea vikomae, hao ndio wa hatari. Mbu wakipungua kwa nusu, wa hatari watabaki 5. Wanaopona wakizidi wanaoambukizwa, ugonjwa hufifia wenyewe. Kwa hiyo si lazima kumaliza mbu wote. Yatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani.

Ross alifariki London tarehe 16 Septemba, 1932. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliendeleza milinganyo hiyo, akaonyesha kuwa kufupisha maisha ya mbu mpevu kuna faida kubwa zaidi. Ndiyo maana leo dawa hupuliziwa ukutani na kuwekwa kwenye vyandarua.

Maswali
(a) Wapinzani wa Ross walidai nini?
(b) Ross aliwajibuje? Eleza kwa maneno yasiyozidi 40.
(c) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: vimelea, mazalia, hufifia.
(d) Andika methali moja inayoafiki juhudi za Ross.