Mchungaji Johannes Rebmann: Miaka 29 katika Pwani Yetu

Katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki ni desturi kuwataja kwanza wale ambao kazi yao huonekana kwa macho: waliojenga makanisa, waliofungua shule, waliobatiza watu kwa mamia. Ukurasa huu tumempa mtumishi ambaye hesabu yake ni ndogo kabisa. Sisi tunaoishi Kisiwani Mafia, ambako Wakristo ni wachache na majirani zetu walio wengi ni Waislamu, tuna sababu ya kumkumbuka.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg. Alisomea kazi ya misioni huko Basel, Uswisi, kisha akapokewa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, ambacho siku zile kiliwategemea sana vijana wa Kijerumani. Mwezi Juni 1846 alishuka Mombasa. Mombasa ile, kama Mafia yetu, ilikuwa chini ya Seyyid Said, Sultani aliyekaa Unguja. Mwenyeji wake alikuwa Mlutheri mwenzake wa Württemberg, Dkt. Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika pwani hiyo hiyo.

Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walihamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, baada ya wazee wa Kaya kukubali kuwapokea. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanampanda kwa kupokezana. Ndivyo kituo hicho cha misioni kilivyofunguliwa, na watu wawili wagonjwa walioshindwa kutembea sawasawa. Nyumba yao ya kwanza iliezekwa makuti, kama nyumba zetu.

Watu wengi wakisikia jina la Rebmann hukumbuka Mlima Kilimanjaro tu. Ni kweli kwamba tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga pamoja na kiongozi wa msafara Bwana Kheri na wapagazi wachache, yeye mwenyewe akiwa na mwavuli badala ya bunduki, aliona weupe juu ya kilele. Kiongozi wake aliuita baridi tu, naye akatambua kuwa ni theluji. Habari hizo zilipochapwa mwaka 1849, bingwa mmoja wa jiografia huko London, ambaye hakupata kuifikia Afrika ya Mashariki, alizikanusha kwa miaka mingi. Ubishi ulikatika pale Baron Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima huo hadi mahali pa juu mwaka 1862, akaangukiwa na theluji yenyewe. Lakini Rebmann hakuwa amefuata theluji. Alikuwa akitafuta njia ya kuwapelekea Injili watu wa bara.

Njia hiyo ilifungwa Machame. Mara ya kwanza Mangi Mamkinga alimkaribisha vizuri. Aliporudi mwaka 1849 na wapagazi wapatao 30, akikusudia kufika Unyamwezi, vitambaa vyake vyote vilichukuliwa kidogo kidogo kwa jina la zawadi, hata akalia machozi. Wakati wa kuondoka aliagwa kwa desturi ya kutemewa mate ya baraka, na mate hayo nayo akatakiwa kuyalipia. Alirudi Rabai amedhoofika, hana kitu. Machame hiyo hiyo ndiko wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walikofungua kituo mwaka 1893, Rebmann akiwa kaburini miaka 17.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kukaa, na hapa ndipo penye fundisho zito kuliko safari zote. Mwaka 1851 alimwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Misri. Mwaka 1854 walipata mtoto, akafa baada ya siku chache. Krapf alikuwa amekwisha kuondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake. Mume na mke walibaki na homa, na watoto wachache wa kufundisha, na jirani ambao waliwaheshimu bila kuifuata imani yao. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, kiwete maskini, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Walioongezeka baadaye, miongoni mwao Abe Gunja na mwanawe Nyondo, walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1857 Richard Burton alifika kumshawishi afuatane naye kwenda kutafuta maziwa makuu, ambayo habari zake Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikuwa wamezichora katika ramani kutokana na maneno ya wasafiri wa pwani. Rebmann alikataa. Mwaka huo huo mashambulio ya Wamasai yalimfukuza Rabai, akakaa Unguja kama miaka miwili, kisha akarudi mahali pale pale.

Alifanya nini siku zote hizo? Alikusanya maneno. Alipata kumjua Salimini, mtumwa aliyetoka nchi za Nyasa, akaketi naye kwa muda mrefu, neno kwa neno, hata ikapatikana kamusi ya Kiniassa. Wana wa Mafia wanaelewa maana yake, kwa kuwa majahazi yaliyobeba watumwa kutoka Kilwa kwenda Unguja yalipita katika maji haya, na mashamba ya minazi ya kisiwa hiki yalilimwa na watu kama Salimini. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa aliketishwa kuwa mwalimu. Pamoja na kamusi hiyo, Rebmann aliifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kujitenga, na hata waliokuwa upande wake walijiuliza kama kung'ang'ania mahali pamoja kwa miaka mingi hivyo ni uaminifu au ni ukaidi. Mwandishi wa ukurasa huu haoni kwamba majibu hayo mawili yanapingana.

Emma alifariki mwaka 1866. Macho ya Rebmann nayo yakaanza kufa. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, aliyekuja mwaka 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee kipofu, na Wakristo wachache wakimzunguka. Nyondo, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Isaac, alikuwa amekuwa macho yake, akimshika mkono alikokwenda. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja, Rebmann alipanda meli, na Isaac Nyondo akafuatana naye.

Alikaa Korntal, karibu na nyumba ya Krapf, akaoa tena mjane wa mmisionari. Injili yake ya Luka ilichapwa mwaka 1876, lakini macho yake hayakuweza kuisoma. Aliitwa na Bwana tarehe 4 Oktoba mwaka huo. Kamusi aliyofundishwa na Salimini ilitoka mwaka 1877, na aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Krapf, yule mwenzake wa punda mmoja.