Maisha ya Marehemu Kleist Abdallah Sykes, na Mas-ala ya Kuipenda Nchi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu wote kwa asili moja, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Watu wamekhitilafiana katika jambo la kupenda nchi na taifa. Wako wasemao kuwa ndiyo nguvu iliyowatoa watu katika kutawaliwa na wageni, na wako wasemao kuwa ni fitina iliyowafanya majirani kuchinjana. Kila mmoja anayo hoja yake. Lakini hukumu ya jambo haipatikani kwa jina lake, hupatikana kwa kutazama matumizi yake. Na katika nchi ya Tanganyika hakuna maisha yanayolifunua jambo hili vizuri zaidi kuliko maisha ya marehemu Kleist Abdallah Sykes, Mungu amrehemu.

Baba yake aliitwa Sykes Mbuwane, Mzulu wa upande wa Msumbiji. Alifika Mrima mwaka 1889 katika jeshi la Hermann von Wissmann, aliyetumwa na serikali ya Kidachi kuja kuvivunja vita vya Abushiri bin Salim. Jeshi hilo lilikuwa la askari wa kuajiriwa, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri, na pamoja nao Wazulu waliochukuliwa Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na katika mji huo huo wa Pangani, mwaka 1894, ndipo alipozaliwa Kleist. Mama yake alikuwa Mnyaturu, asili yake nchi ya Singida iliyo bara ya kati, wanakokaa Wanyaturu na jirani zao Wanyiramba, watu wa Kinampanda na vijiji vinginevyo vya Iramba.

Basi na afikiri mwenye akili. Ikiwa haki ya mtu katika nchi hupimwa kwa babu zake, mtoto huyu hakuwa na nchi hata moja. Watu wa Pangani waliweza kusema kwamba baba yake aliwaingilia kwa bunduki za mgeni. Uzuluni kulikuwa mbali, naye hakuzaliwa huko. Na upande wa mama yake, watu wa pwani wa zama zile walikuwa wakilitamka neno mtu wa bara kwa dharau, kana kwamba Mwenyezi Mungu ameumba udongo wa namna mbili. Huyu ndiye aliyejaaliwa kuwa miongoni mwa waliotia msingi wa umoja wa watu wa Tanganyika.

Baba yake alikufa maji katika mto Ruaha, akirejea kutoka vita vya Mkwawa, na Kleist akalelewa na Affande Plantan, Mzulu mwenzake baba yake. Akasoma, akajua Kidachi na kazi ya uandishi, na akatiwa katika jeshi angali kijana mdogo. Vilipokuja Vita Vikuu vya mwaka 1914 alipigana upande wa Wadachi chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Vita vilipokwisha mwaka 1918, bendera moja ilikwisha teremshwa na nyingine imepandishwa, na waliopigana kwa ajili ya bendera hizo mbili wakabaki vile vile walivyokuwa, raia wasiokuwa na kauli. Kleist akajifunza Kiingereza na akawa karani katika Reli ya Tanganyika.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dk. James Kwegyir Aggrey, mtu mweusi wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliyekuwa akizunguka Afrika pamoja na tume ya kutazama mambo ya elimu. Kleist alionana naye, akapata kwake shauri la kwamba Waafrika wawe na chama chao. Aggrey alikuwa Mkristo, tena mhubiri, na Kleist alikuwa Mwislamu; lakini nasaha njema huchukuliwa itokako, na hilo halikumpunguzia Kleist kitu katika dini yake. Mwaka 1929 kikaundwa Chama cha Waafrika, Kleist akiwa katibu, na raisi wake wa kwanza ni Cecil Matola, mwalimu Mkristo. Katika waasisi walikuwamo Wamanyema, Wazulu na watu wa makabila mengine, Waislamu na Wakristo, na mtu hakuingia kwa nasaba yake.

Kleist hakukiona chama hicho kuwa badala ya dini. Mwaka 1933, yeye na Mzee bin Sudi, mwenye asili ya Kimanyema, na wenzao wengine, waliunda Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na jumuiya hiyo ikajenga skuli ya watoto wa Kiislamu, isomeshe dini na elimu za dunia pamoja. Jambo hili lilikuwa na haja kubwa. Huko bara wamisionari walikuwa wakijenga skuli moja baada ya moja; Kinampanda yenyewe, katikati ya Iramba, ilipata skuli ya kufundishia waalimu kwa mikono ya wamisionari wa Kilutheri. Wakati huo katika miji ya pwani baraza nyingi zilikuwa zikishughulika na nani ni mwungwana na nani si mwungwana. Mtoto wa Kinyiramba alikuwa akishika kalamu, na mtoto wa mwungwana alikuwa akihesabiwa mababu.

Na ugonjwa huo ulimfika Kleist mwenyewe, tena ndani ya jumuiya ya dini. Walitokea watu wa Dar es Salaam walionung'unika kwamba Jamia inaongozwa na watu wa kuja: huyu Mmanyema, yule Mzulu, na wenyeji wako wapi? Waliosema hivyo walikuwa Waislamu, wakisali safu moja na hao waliowaita watu wa kuja. Wangalikumbuka kwamba Madina ilimpokea Bilal Mhabeshi, na Suhaib aliyeitwa Mrumi, na Salman Mfursi, na kwamba Mtume wetu mwenyewe, sala na salamu zimshukie, aliingia mji huo akiwa mtu wa kuja, wangalinyamaza kwa haya.

Hapa panatakiwa kupambanua, kwa sababu watu wengi hulichanganya jambo hili. Kuipenda nchi ni tabia aliyoumbiwa mtu. Mtume alipotolewa Makka alihuzunika kuiacha, na sheria haikumlaumu mtu kwa kupenda alipokulia. Ama ule usemi mashuhuri wa kwamba kupenda nchi ni katika imani, wanaousoma katika mimbari wajue kuwa As-Sakhawi, mwanachuoni wa hadithi aliyefariki mwaka 1497, hakuuona kuwa na isnadi ya kumfikia Mtume, ijapokuwa maana yake inaweza kuelekezwa katika wema. Lililokatazwa kwa hadithi zijulikanazo ni asabiya, nayo ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhuluma kwa kuwa ni watu wake. Na Sura ya Al-Hujurat imekwisha bainisha kuwa hikima ya kufanywa watu kuwa mataifa na makabila ni kujuana, na kuwa ubora ni wa ucha Mungu. Basi mpaka ni huu: mapenzi ya nchi yakimwongoza mtu katika uadilifu kwa kila akaaye ndani yake, ni neema, yakimfanya aulize asili ya mtu kabla ya kumpa haki yake, yamekwisha kuwa asabiya, hata yakiitwa jina zuri namna gani.

Kleist aliishi mpaka akayaona matunda ya asabiya kwa wakubwa wa dunia. Wadachi, aliowatumikia ujanani mwake, walishikwa mwaka 1933 na watu waliofanya damu ya kabila lao kuwa mungu, na kufika mwaka 1945 miji yao ilikuwa vifusi na mamilioni ya roho zimepotea. Katika vita hivyo wanawe wawili, Abdulwahid na Ally, walikuwa askari wa Kiingereza huko Burma. Wakarejea salama, na baba yao akafariki mwaka 1949, umri wake miaka 55.

Mbegu aliyoipanda iliendelea kukua. Mwaka 1950 Abdulwahid alikuwa katibu wa chama kile alichokiasisi baba yake. Mwaka 1953 Julius Nyerere, mtu wa Musoma na Mkristo, alichaguliwa kuwa raisi wake, na Abdulwahid akawa naibu. Tarehe 7 Julai 1954 chama kikageuzwa kuwa TANU, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru pasipo kumwagika damu ya vita. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo walikuwako wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria waliotaka uraia uwe kwa rangi ya mtu, na serikali ikakataa. Haya ndiyo matunda ya mlango ambao Kleist na wenziwe hawakuufunga.

Lakini tazama Unguja na Pemba, ng'ambo ya bahari hii ndogo. Huko nako palikuwa na Chama cha Waafrika tangu mwaka 1934, na vyama vya Waarabu na vya Washirazi, kila watu na chao. Na vyama vya siasa vilipozaliwa baadaye, swali la asili ya mtu lilikaa mbele ya swali la haki. Katika fujo za uchaguzi wa Juni 1961 walikufa watu 68. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, ilimwagika damu ya maelfu, na wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wakielekea kibla kimoja. Hili si la kulaumiwa kundi moja peke yake. Kila aliyewahi kucheka katika baraza kwa kutukanwa asili ya mwenzake alitia ukuni wake katika moto ule.

Na bara nako pasisahauliwe. Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, na Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa katika safu ya mbele ya kupigania uhuru, akarejeshwa Unguja. Taifa likidai kuwa mapenzi yote yawe yake peke yake, huanza kuwashuku hata waliolizaa. Hiyo nayo ni dhara, na dawa yake ni ile ile, uadilifu.

Leo mtaa mmoja wa Kariakoo unaitwa kwa jina la Kleist, na huko Kinampanda mtoto wa Kinyiramba husomeshwa kwa Kiswahili, lugha ya watu wa pwani, wala hapana amwambiaye kuwa si yake. Basi enyi ndugu Waislamu wa pwani, akija mtu wa bara katika msikiti wenu, au skuli yenu, au baraza yenu, msitangulize kumwuliza ametoka wapi. Mpeni nafasi safuni. Huenda ikawa ni mwana wa mama kama yule Mnyaturu, na kheri ya nchi nzima imo mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu Kleist Abdallah Sykes na wazee wetu wote, na atuepushe na asabiya za ujahili. Amin. Wabillahi taufiq.