Maisha ya Lottie Dod

Karibu na mji wa Liverpool, ng'ambo ya mto Mersey, kuna mahali paitwapo Bebington. Hapo ndipo alipozaliwa Charlotte Dod, tarehe 24 Septemba 1871, naye alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Jina la Charlotte lilibaki katika vyeti tu. Nyumbani aliitwa Lottie, na kwa jina hilo alikuja kujulikana katika nchi nyingi.

Baba yake, Joseph Dod, alitajirika kwa biashara ya pamba. Siku zile marobota ya pamba kutoka Marekani, Misri na Bara Hindi yalishushwa bandarini Liverpool kwa wingi sana. Utajiri huo ni lazima utajwe mapema, maana bila huo hadithi hii isingekuwapo. Watoto wa Dod hawakupelekwa shule. Waalimu waliletwa nyumbani kuwafundisha. Wala Lottie hakuhitaji, alipokuwa mtu mzima, kufanya kazi ili apate kula. Wasichana wengine wa umri wake, si mbali na kwao, walikuwa wakiamka alfajiri kwenda viwandani kusokota pamba ile ile. Kama kati yao walikuwamo mabingwa, hakuna aliyepata kuwaona.

Lottie alipokuwa na miaka tisa, viwanja viwili vya tenisi vilitengenezwa karibu na nyumba yao. Mchezo wa tenisi ya majani ulikuwa mgeni wakati huo, haujatimiza hata miaka kumi, na matajiri wote walikuwa wakiukimbilia. Dada yake mkubwa, Annie, alikuwa hodari wa tenisi na wa gofu, na hata wa biliadi. Ndugu zake wa kiume nao walipenda michezo. Basi mtoto yule mdogo akawa akicheza kila siku na watu waliomzidi umri na nguvu, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa ubingwa wake. Wachezaji wetu wa kidato cha kwanza wanaopenda kucheza wao kwa wao tu na wafikiri juu ya jambo hilo.

Mwaka wa 1883, akiwa na miaka 11, aliingia pamoja na Annie katika mashindano ya kaskazini yaliyofanywa Manchester. Walishindwa mara moja katika mashindano makubwa, lakini wakashinda yale yaliyowekwa kwa walioshindwa, na watu wakaanza kumtazama. Miaka miwili baadaye alimsumbua sana Maud Watson, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa wanawake katika Wimbledon. Mwaka wa 1886 akamshinda kabisa, huko Bath. Binti Watson alikuwa ameshinda michezo 55 mfululizo bila kuonja kushindwa, na aliyekuja kuukata mfululizo huo ni mtoto wa miaka 14. Magazeti yakampa jina la Ajabu Ndogo.

Mwaka wa 1887 akaenda Wimbledon. Kwa desturi ya siku zile bingwa wa mwaka uliopita hakucheza mpaka mwisho. Alingoja tu, na yule aliyewashinda wengine wote ndiye aliyemkabili. Bingwa aliyengoja alikuwa Bibi Blanche Hillyard. Lottie alimshinda 6-2, 6-0. Alikuwa na umri wa miaka 15 na siku 285, na tangu siku hiyo mpaka leo hajatokea mwanamke mwingine aliyeushika ubingwa huo wa mchezaji mmoja mmoja akiwa mdogo kuliko yeye.

Aliwashindaje? Kwanza hakuogopa kusogea mbele. Wanawake wa wakati ule walisimama nyuma ya kiwanja na kurudishiana mpira polepole, maana walivaa mavazi mazito yaliyoburura mpaka chini, na viuno vyao vilikuwa vimebanwa kwa nguo ngumu zilizotiwa mifupa ya nyangumi. Kuvuta pumzi tu kulikuwa kazi. Lottie, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtoto, aliruhusiwa kuvaa sketi fupi kidogo. Basi akakimbia. Alikaribia wavu na kuupiga mpira kabla haujadunda chini, kama wanaume walivyofanya. Walakini alipoanzisha mchezo aliurusha mpira kwa mkono wa chini, maana hakuona faida ya kuupiga kutoka juu. Baadaye, alipokuwa bingwa, hakuacha kuwahimiza wanawake wenzake wakimbie na wavae nguo zinazowapa nafasi ya kukimbia.

Alirudi mwaka wa 1888 akashinda tena. Mwaka ule ule walitaka kujua nguvu yake ikoje mbele ya wanaume. Huko Exmouth akacheza na Ernest Renshaw, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo, naye Renshaw akakubali kumpa pointi 30 mwanzoni mwa kila gemu. Lottie alichukua seti ya kwanza, na ilimbidi Renshaw atoe jasho kuzipata mbili zilizofuata, 7-5 na 7-5.

Halafu, jambo la ajabu, mwaka wa 1889 hakwenda Wimbledon. Alikuwa baharini, akisafiri kwa mashua na rafiki zake pwani ya Scotland, wala hakuona sababu ya kuikatiza safari. Mwaka wa 1890 pia hakwenda. Mwaka wa 1891 akarudi na kushinda. Na 1892 vile vile. Na 1893 vile vile. Mara tano aliingia, mara tano akashinda, na kila mara aliyekuwa ng'ambo ya wavu siku ya mwisho alikuwa Bibi Hillyard, ambaye twaweza kumhurumia. Ni kweli kwamba walioshindana wakati ule walikuwa wachache sana. Mwaka wa 1890 wanawake walioingia Wimbledon walikuwa wanne tu. Lakini Bibi Hillyard mwenyewe alikuwa bingwa mara sita katika miaka mingine, kwa hiyo si kwamba Lottie alikuwa akishindana na wavivu.

Baada ya ushindi wa 1893 akaiacha tenisi. Alikuwa hajatimiza miaka 22. Hakuumwa wala hakushindwa. Alitaka tu kujaribu mambo mengine.

Mwaka huo huo wa 1893 wanawake wa Uingereza waliokuwa wakicheza gofu waliunda umoja wao. Binti Issette Pearson ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Mchezaji mmoja wa kiume, mtu mwenye sifa kubwa katika gofu, aliwaandikia barua ya kuwaonya waache. Aliona kwamba umoja wa wanawake hautadumu, kwamba watagombana, na kwamba miili yao haikuumbwa kwa kazi ya kuzunguka kiwanja mara mbili kwa siku. Wanawake wakaisoma barua, wakaiweka, wakaendelea na shughuli zao. Wakatangaza mashindano ya ubingwa kwa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiocheza kwa kulipwa, na ya kwanza yakafanywa mwaka ule ule huko St Annes. Lady Margaret Scott alishinda, naye akashinda tena mwaka wa pili na wa tatu. Mashindano yale yaliyoambiwa hayatadumu yamepita miaka 130.

Katika mashindano hayo wawili wawili hukabiliana, na kila shimo huhesabiwa peke yake. Anayeutia mpira shimoni kwa mapigo machache ameshinda shimo hilo. Yakicheza mashimo 18, aliyeshinda mashimo mengi huendelea, na mwenziwe hufunga mizigo akarudi nyumbani. Hakuna nafasi ya pili.

Lottie alisaidia kuanzisha klabu ya wanawake mahali paitwapo Moreton, karibu na kwao, na mwaka wa 1894 akaingia katika ubingwa. Alifika duru ya tatu, akatolewa. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, maisha yake yanapoanza kuwa na maana kwetu sisi tusiozaliwa na kipaji cha ajabu. Tenisi alikuwa ameipata kama mtoto anavyopata lugha ya mama yake. Gofu haikumpokea hivyo. Mpira wa gofu umelala chini haukukimbii, na mwenye pupa huukosa. Mtu aliyezoea kushinda tangu utoto sasa alishindwa, akajaribu tena, akashindwa. Mwaka wa 1898 alifika nusu ya mwisho akatolewa. Mwaka wa 1900 akafika hapo tena, akatolewa tena. Angeweza kurudi Wimbledon kuchukua vikombe vingine, hakurudi.

Isidhaniwe kwamba miaka hiyo alikuwa amekaa akisikitika. Wakati wa baridi alikwenda St. Moritz, katika milima ya Uswisi, akajifunza kuteleza juu ya barafu kwa viatu vya vyuma. Alifaulu mtihani wa wanawake, kisha ule wa wanaume uliokuwa mgumu zaidi. Pamoja na ndugu yake Tony alipanda milima inayozidi mita 4,000. Akacheza hoki pia, na mwaka wa 1899 akachaguliwa katika timu ya Uingereza. Mwaka wa 1900 Uingereza iliishinda Ireland kwa mabao 2 kwa 1, na yote mawili aliyafunga Lottie. Baadaye alipata ugonjwa wa mshipa wa nyonga unaoumiza mguu wote, akakosa mchezo dhidi ya Wales. Mwezi wa Agosti 1901 mama yake akafariki, na kwa muda mrefu nyumba ile haikuwa na hamu ya michezo.

Hata ulipofika mwaka wa 1904, ubingwa wa gofu ulichezwa Troon, pwani ya Scotland, mahali penye mchanga na upepo wa bahari. Lottie alikuwa na umri wa miaka 32. Safari hii alipita duru baada ya duru mpaka siku ya mwisho, na aliyemkuta pale alikuwa May Hezlet wa Ireland, ambaye alikuwa bingwa mwaka wa 1899 akiwa msichana wa miaka 17, na tena mwaka wa 1902. Mambo yalikuwa yamegeuka. Zamani Lottie ndiye aliyekuwa mtoto wa ajabu akiwatisha wakubwa. Sasa yeye ndiye mkubwa, na aliyesimama mbele yake ndiye aliyekuwa mtoto wa ajabu wa gofu.

Walicheza mashimo 17 wakawa sawasawa. Likabaki shimo moja. Binti Hezlet alipewa nafasi ya kuutia mpira shimoni, akaukosa kidogo sana. Lottie akashinda kwa shimo hilo moja, miaka kumi tangu alipojaribu mara ya kwanza. Hakuna mwanamke mwingine mpaka leo aliyepata kuwa bingwa wa Uingereza katika tenisi na katika gofu pia.

Mwaka ule ule alialikwa Marekani, karibu na mji wa Philadelphia, kucheza katika ubingwa wa wanawake wa huko. Alitolewa katika duru ya kwanza! Lakini aliitumia safari ile kuwashawishi Wamarekani waje Uingereza mwaka uliofuata. Wakaja, na huko Cromer, mwaka wa 1905, Waingereza wakacheza nao na kuwashinda 6 kwa 1. Mwingereza pekee aliyeshindwa siku ile alikuwa Lottie mwenyewe. Kati ya wageni walikuwamo ndugu wawili, Harriot na Margaret Curtis, ambao baadaye walitoa kikombe ili nchi hizo mbili zishindane kwa gofu ya wanawake wa ridhaa. Kikombe hicho kilianza kugombewa mwaka wa 1932, nacho huitwa kwa jina lao.

Kisha watu wa Dod waliuza nyumba yao wakahamia Newbury, upande wa kusini. Huko Lottie na ndugu yake William wakashika upinde na mishale. Mwaka wa 1908 Michezo ya Olimpiki ilifanywa London, na wanawake 25, wote Waingereza, wakashindana kwa kupiga shabaha. Mwisho wa siku ya kwanza Lottie alikuwa anaongoza. Siku ya pili Binti Queenie Newall, mwanamke wa miaka 53, akampita, akapata pointi 688 na Lottie 642. Basi Lottie akapata medali ya fedha, na William akapata ya dhahabu upande wa wanaume.

Vita Kuu ya kwanza ilipokuja, alijiunga na Msalaba Mwekundu. Alitaka apelekwe ng'ambo karibu na mapigano, lakini ule mguu ulimzuia; akahudumia majeruhi katika hospitali ya kijeshi karibu na Newbury, akapewa medali kwa utumishi wake. Hakuolewa. Miaka ya baadaye alipenda kuimba katika kwaya, na kila mwaka, alipoweza, alikwenda Wimbledon kutazama.

Akaishi mpaka akazeeka sana. Tarehe 27 Juni 1960, akiwa na miaka 88, alifariki katika nyumba ya kutunzia wazee huko Sway, Hampshire. Juma lile mashindano ya Wimbledon yalikuwa yanaendelea, na wachezaji wanawake walikuwa wamevaa sketi zilizoishia juu ya magoti.