Nyumba ya Tippu Tip na Haki ya Waliobeba Pembe

Apitaye Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, huiona nyumba yenye mlango mkubwa wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Ndiyo nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Tunaona inafaa tukumbushane habari za mwenyewe, kwani jengo lisilo na habari zake ni mawe matupu.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Tabora, naye alianza utotoni kuchuuza sandarusi, kisha akafuata misafara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itawa, akapata shehena kubwa ya pembe. Huko Utetera hakuhitaji baruti: alijidai kuwa ni mjukuu wa dada yake mtemi, na mzee yule akamwachia nchi. Livingstone, Cameron na Stanley, kila mmoja kwa wakati wake, walipata msaada wake. Mwaka 1887 akakubali kumtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akiwa wali wa Stanley Falls, mahali paitwapo sasa Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Lakini pembe hizo, zilizokwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vinanda, hazikujileta pwani zenyewe. Zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi waliotekwa katika vita vya biashara hiyo hawakuyaona tena makwao.

Alirejea Unguja mwaka 1891. Mara baada ya hapo majeshi ya Leopold yakauvunja utawala wa Waarabu huko Kongo, na mwanawe Sefu akauawa vitani. Mzee akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu; Mjerumani Heinrich Brode akazitoa chapani. Alifariki Juni 1905, miaka minane baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba hiyo iligawanywa, ikakaliwa na familia kadhaa kwa miaka mingi. Wapo wasemao kwamba nyumba ya mfanyabiashara ya utumwa na iachwe ianguke. Hatukubaliani nao, kwani ushahidi ukianguka, anayefurahi ni mkosaji. Wapo pia wapendao kumsifu mwenyewe mbele ya wageni na kuwanyamazia wapagazi wake. Hao nao hatuwaungi mkono.

Nyumba za mawe na chokaa hazingoji vikao. Maji yakipenya darini, boriti huoza, na ukuta hufuata. Tunawaomba wahusika Serikalini wailinde nyumba hii, na waweke mlangoni pake maelezo ya Kiswahili yanayomtaja tajiri pamoja na watu waliobeba utajiri wake. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ukuta huu ukianguka, hakuna awezaye kuujenga tena.