Joseph Whitworth na Vipande Vinavyolingana

Fikiri kwamba mbele yako ziko kompyuta mbili kuukuu, zilizoundwa karibu na mwaka 1980. Ndani yake mna vipande vidogo vyeusi vya kutunzia kumbukumbu, na kila kimoja kina miguu 16. Vya kompyuta ya kwanza ni vya aina iitwayo 4116. Vya kompyuta ya pili ni 4164. Kwa macho hutaona tofauti ila namba, na kipande cha 4164 huingia barabara katika tundu la 4116. Lakini katika tundu hilo mguu wa nane hupelekewa umeme wa volti 12, hali kipande hicho huhitaji volti 5 tu. Ukiwasha kompyuta, huweza kuungua mara moja.

Jambo hili la vipande kulingana lilimshughulisha Joseph Whitworth kabla kompyuta hazijakuwapo. Alizaliwa mwaka 1803 mjini Stockport, Uingereza. Alipokuwa kijana alifanya kazi London katika karakana ya Joseph Clement, ambamo vilichongwa vipande vya mashine ya kukokotoa hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage. Mashine hiyo ilihitaji maelfu ya vipande vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa, nayo haikukamilika.

Mwaka 1833 Whitworth alifungua karakana yake mwenyewe mjini Manchester. Siku hizo kila karakana ilikata bolti kwa kipimo chake. Nati ikipotea, ya karakana nyingine haikufaa! Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima kwa subira, akatafuta wastani. Mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja: hesi, yaani mkato uzungukao mwili wa bolti, iwe na pembe ya nyuzi 55, na kila unene uwe na idadi yake maalumu ya mizunguko katika inchi moja. Makampuni ya reli yalikikubali, na viwanda vikafuata.

Marekani walichagua pembe ya nyuzi 60. Hapo ndipo palipozuka hatari. Ukisafiri kutoka Ramadhani, Njombe, hadi Makambako, utaikuta reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Upana wake ni milimita 1,067, na ule wa Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Tofauti hiyo hujulikana mapema, kwani behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Tofauti ya bolti hujificha. Bolti ya robo inchi ya Whitworth ina mizunguko 20 katika inchi, na ya Kimarekani vilevile 20. Nati huweza kuingia, lakini haishiki sawasawa, kwa kuwa pembe hazilingani.

Whitworth alifariki mwaka 1887. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia hesi ya namna moja, na pembe iliyochaguliwa ilikuwa nyuzi 60.