Jules Verne, Mtu Aliyepita Juu ya Nchi Yetu Bila Kufika

Mimi nilisoma katika shule yetu hii hapa Arua, lakini sikumaliza. Nilikuwa Senior Two vita vilipofika West Nile mwaka wa 1980, na jamaa yetu yote ikavuka mpaka kwenda Zaire, nchi ambayo leo yaitwa Kongo. Tuliporudi nyumbani Koboko nilikuwa mtu mzima, nikashika kazi ya ufundi wa redio, nayo ndiyo iliyonilisha mpaka leo.

Katika miaka ile ya ukimbizi mambo mengi yalinipita. Moja, ingawa ni dogo, ni ile michezo ya televisheni ambayo mwenzetu mmoja wa bwenini, aliyekuwa na ndugu zake mjini Nairobi, alikuwa akitusimulia usiku baada ya taa kuzimwa: habari za watu wasafirio kati ya nyota kama sisi tusafirivyo kati ya Arua na Koboko. Nilijiambia kwamba siku moja nitaiona. Siku hiyo ilichukua zaidi ya miaka arobaini kufika. Likizo iliyopita mjukuu wangu, ambaye sasa ni mwanafunzi wa Senior Three, alikuja na flashi iliyojaa michezo hiyo ya zamani, na kila jioni, kazi ikiisha, tulikaa katika kibanda changu cha ufundi tukaitazama kwa umeme wa sola. Nilikuwa nikilipa deni la ujana wangu.

Tulitazama Doctor Who, mchezo ulioanza Uingereza mwezi wa Novemba 1963. Tukatazama Star Trek, ulioanza Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Katika huu wa pili nilifurahi sana kumwona mwanamke mweusi, ofisa wa mawasiliano katika chombo kile, aitwaye Uhura. Jina lake limetokana na neno letu uhuru, na katika sehemu ile ya kwanza kuonyeshwa kwa watu maneno ya Kiswahili yanasikika. Mimi fundi wa redio nilicheka kwa furaha kuona kwamba hata huko kwenye nyota kazi ya redio imepewa mtu mwenye jina la kwetu.

Basi jioni moja mjukuu wangu akaniuliza ni nani aliyeanzisha hadithi za namna hii. Sikuwa na jibu, nikaona haya. Na hapo yanipasa niungame jambo jingine. Wiki ile ile nilikuwa nimemnyang'anya daftari lake. Mle ndani hamkuwa na hesabu wala kemia, bali hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya gari linaloruka kutoka mlima Liru na kuvuka mipaka mitatu bila kusimamishwa na askari. Nilimwambia kwamba karo hailipwi ili mtoto aandike ndoto, nikalifungia daftari katika sanduku la vyuma vyangu. Kisha nikaenda kutafuta jibu la swali lake, katika vitabu na katika intaneti, na jibu lenyewe likawa Mfaransa mmoja, Jules Verne. Hakuwa wa kwanza kabisa kubuni safari za ajabu, lakini yeye na Mwingereza H. G. Wells ndio waitwao na watu wengi baba wa hadithi za kubuni za sayansi.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 huko Nantes, mji wa bandari katika Ufaransa. Mji ule ulikuwa umetajirika katika karne iliyotangulia kwa biashara ya watumwa wa Kiafrika. Mtoto Jules alikua akiona milingoti ya merikebu. Mdogo wake, Paul, akawa baharia. Lakini Jules alikuwa mzaliwa wa kwanza, na baba yake, Pierre, alikuwa mwanasheria aliyetaka mwanawe airithi ofisi yake. Kijana akapelekwa Paris kusoma sheria. Akasoma, akafaulu, lakini moyo wake ulikuwa katika michezo ya kuigiza. Mwaka wa 1850 mchezo wake mmoja ulionyeshwa Paris, na mwaka uliofuata gazeti moja likapiga chapa hadithi yake fupi ya safari ya baluni, lile puto kubwa lipaalo na watu angani. Mapema mwaka wa 1852 baba alimpa ofisi ile ya sheria. Mwana akakataa.

Wanafunzi wasidhani kwamba baada ya kukataa alikaa akingojea bahati. Maisha yalikuwa magumu, maana michezo yake haikumpatia fedha ya kutosha. Mwaka wa 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye binti wawili, na ili awalishe akafanya kazi katika soko la hisa la Paris. Akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaandika, kisha anakwenda kazini. Tena alikuwa msomaji mkubwa kupita kiasi. Alisoma magazeti ya sayansi na vitabu vya wasafiri, na kila alichokiona cha maana alikinakili, hata akawa na maelfu ya karatasi za maandishi yake. Ubunifu wake wote ulisimama juu ya karatasi hizo.

Mwaka wa 1862 alikutana na mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, akampa hadithi ndefu ya safari ya baluni. Kitabu kilitoka tarehe 31 Januari 1863, kwa jina la Majuma Matano Katika Baluni, tukilisema kwa Kiswahili. Na hapa, wasomaji, ndipo habari za Mfaransa huyu zinapofika kwetu. Nilikipata kitabu hicho Arua, kwa muuza vitabu vya mitumba, kimefasiriwa kwa Kiingereza, jalada halipo. Nilipofungua nikaona kwamba safari yenyewe inaanzia Unguja!

Mwingereza mmoja, Daktari Fergusson, pamoja na rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe, wanapaa kutoka kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja. Wanafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na watu wa huko wanadhani ya kwamba baluni ni mwezi umeshuka. Wanapita juu ya ziwa Victoria, kisha wanaufuata mto Nile kwenda kaskazini, ili wahakikishe kwamba mto utokao ziwani ndio ule ule ufikao Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Katika kisiwa kimoja cha mto wanaona herufi zilizochongwa mwambani na Andrea Debono, mfanyabiashara wa Malta, mtu ambaye kwa kweli alipata kusafiri huku akitokea kaskazini. Hapo wanajua kwamba fumbo limefumbuliwa, na upepo unawasukuma magharibi, mpaka mwisho wanashuka penye mto Senegal. Chukua ramani uitazame njia hiyo: inapita si mbali na Koboko.

Tena angalieni ajabu ya tarehe. Wasafiri wa kweli, Speke na Grant, walifika Gondokoro wakitoka Uganda katikati ya Februari 1863, yaani majuma mawili tu baada ya kitabu kutoka. Mtu aliyekuwa Paris, kwa kusoma vitabu tu, alikuwa ameichora njia ya mto kabla Ulaya haijaletewa habari zake.

Lakini sitawaficha kilichoniuma. Verne alikuwa hajaiona Afrika hata siku moja. Baadaye alifika pwani za kaskazini kwa merikebu yake mwenyewe, kama vile Algeria na Tunisia mwaka wa 1884, lakini nchi zetu hizi hakuzifikia kamwe. Basi mahali alipokosa habari aliweka dharau aliyoikuta katika vitabu vya wenzake. Katika sura moja wasafiri wanaona kwa mbali kundi limeizunguka baluni, wanadhani ni watu weusi, kumbe ni nyani, nao wanaona kosa hilo si la ajabu. Na baada ya kuuacha mto Nile, katika nchi za upande wetu, wanaona vita ambamo mkuu wa kabila anamla adui yake. Nilikifunga kitabu. Nilijiuliza kwa nini mjukuu wangu ajifunze habari za mtu aliyewatazama babu zake hivyo. Siku mbili sikukigusa.

Siku ya tatu nikaendelea, nikaona kwamba ndivyo ipasavyo, kwa maana kosa la mtu pia ni fundisho. Nikajua pia kwamba mwaka wa 1878 mtu huyo huyo alitoa kitabu cha kijana nahodha wa miaka kumi na mitano, chenye habari za Angola, na humo aliishutumu biashara ya watumwa, yeye mwana wa Nantes. Mtu hawi kitu kimoja tu.

Kitabu kile cha kwanza kilipendwa sana, akaiacha kazi ya soko la hisa. Tangu hapo aliandika bila kupumzika, vitabu zaidi ya hamsini. Mwaka wa 1864 aliwapeleka watu chini ya ardhi. Mwaka wa 1865 aliwapiga watu watatu kwa mzinga mkubwa kutoka Florida kwenda mwezini, na katika kitabu kilichofuata akawarudisha katika bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Julai 1969 Wamarekani watatu waliondoka Florida katika Apollo 11, na wakarudi wakaangukia Pasifiki. Mzinga wake, kwa kweli, ungewaua abiria pale pale; lakini hesabu nyingine alizifanya vizuri. Kisha mwaka wa 1870 akamaliza hadithi ya Nahodha Nemo na nyambizi yake Nautilus, na Wamarekani walipozindua nyambizi yao ya kwanza ya nguvu za atomiki mwaka wa 1954 waliipa jina hilo. Mwaka wa 1902 Mfaransa mwingine, Georges Méliès, alitengeneza sinema ya safari ya mwezini, akichukua mengi kwa Verne. Kutoka sinema ile fupi, isiyo na sauti, njia yanyooka mpaka kwenye flashi ya mjukuu wangu.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mwanawe wa pekee, Michel, alikuwa mtoto mkaidi. Verne, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa amestahimili kukataliwa, alimpeleka Michel katika nyumba ya kurekebishia watoto mwaka wa 1876, na mwaka wa 1878 akamtia katika merikebu iendayo India. Tarehe 9 Machi 1886, katika mji wa Amiens alikohamia, mpwa wake mmoja aliyeugua akili alimpiga risasi mguuni, naye akachechemea mpaka kufa. Siku chache baadaye Hetzel, mchapishaji wake, akafa. Hata hivyo aliendelea kuandika, na mwaka wa 1888 akachaguliwa kuwa diwani wa mji. Alikufa tarehe 24 Machi 1905, mwenye umri wa miaka 77. Na ni nani aliyezichukua karatasi alizoacha, akazitengeneza na kuzitoa kuwa vitabu? Ni Michel, yule yule mkaidi.

Nina neno moja tu limebaki juu ya maisha yake. Mara tu baada ya kitabu cha baluni, Verne alimpelekea Hetzel hadithi nyingine, ya mji wa Paris katika karne ya ishirini, wenye magari yaendayo bila farasi, na kijana mshairi asiyepata kazi kwa kuwa watu wote wanapenda mashine na fedha tu. Hetzel aliikataa. Verne akaiweka. Ilikaa katika kasha la chuma mpaka kitukuu wake alipoiona mwaka wa 1989, ikapigwa chapa mwaka wa 1994, miaka 89 baada ya mwandishi kufa.

Niliposoma habari za kasha lile la chuma, nililitazama sanduku langu la vyuma.

Nikalifungua, nikatoa daftari, nikalisoma lote chini ya mwembe. Gari la mjukuu wangu linapita juu ya soko la Koboko, na watu wanaotazama juu wana majina, wanabishana bei, wanamcheka dereva. Hakuna hata mmoja aliyefananishwa na nyani. Verne, pamoja na maelfu ya karatasi zake, hakuweza kuandika ukurasa ule, maana yeye alipita juu tu. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa ameuandika kwa kalamu ya wino wa buluu, na tahajia mbaya.

Jioni ile nilimrudishia daftari, nikamwomba radhi, jambo ambalo babu hapendi kulifanya. Tumepatana hivi: alfajiri, kabla ya shule, aandike, mchana asome sayansi na hesabu kwa bidii, maana bila hizo gari lake halitapaa. Naye amenidai jambo moja: nimweleze kwanza redio ya gari lile itafanyaje kazi. Bado natafuta jibu.

Enyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tazameni michezo ya zamani na mipya, mfurahi. Kisha mwinamie kazi yenu. Nanyi wenzangu wa zamani mlio na watoto, fungueni masanduku yenu mtazame mmefungia nini.